Alama ya Majivu

Huku kwetu chini ya Mlima Meru, mtu akisema anakimbia, watu huelewa kwamba anakimbia mbali. Wa mbio ndefu hupita barabarani asubuhi wamevaa soksi mikononi kwa sababu ya baridi, wanapanda mpaka msituni, wanarudi, na hakuna anayegeuza shingo kuwatazama. Mimi na rafiki yangu tulikuwa wa mbio fupi. Tulionekana kama watu waliosahau walikotumwa.

"Nyie mbio zenu zinaisha mtu hajamaliza kupiga chafya," walitutania wakipita pembeni mwa uwanja.

"Na nyie mnakimbia kama watu waliokosa nauli," rafiki yangu aliwajibu.

Mimi nilicheka nimefunika mdomo. Majibu ya namna hiyo yalinijia pia, lakini yalinijia wakati watu walishaondoka. Yeye alikuwa nayo tayari kwenye ulimi. Kwa hiyo tangu utotoni tuligawana kazi bila kupangiana: yeye alisema, mimi nilitikisa kichwa. Dukani aliagiza kwa ajili yetu wote wawili. Kwa Mwalimu alieleza kwa nini tumechelewa. Hata nilipoumwa meno ni yeye aliyemwambia mganga ni jino lipi.

Alikuwa binti wa fundi magari wa Sakina, kwenye barabara ya kwenda Nairobi. Wazazi wake walitoka Tanga zamani, na nyumbani kwao walisema Kiswahili ambacho mimi nilikiona kama nguo ya sikukuu. Sisi tunakaa juu ya Sekei, kwenye migomba. Tuna kahawa kidogo na ng'ombe wa ndani, na kazi yangu tangu nilipoweza kubeba mzigo ilikuwa kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kichwani. Mwalimu alisema miguu yangu ilitengenezwa na ule mzigo. Miguu ya rafiki yangu, alisema, ilitengenezwa na Mungu mwenyewe akiwa hana haraka.

Mwalimu huyo alifundisha shule ya msingi, na michezo ilikuwa jambo lake la jioni. Alituona kwenye mashindano ya shule, mimi wa shule yangu na yeye wa shule yake, tumefika kwenye utepe pamoja, na badala ya kutugombanisha akatufanya timu. Alipenda mbio za kupokezana vijiti kuliko mbio nyingine zote. Alikuwa na filimbi, mfuko mmoja wa vifaa, na sentensi moja aliyoirudia mpaka tukaiota: "Anayepokea hatazami nyuma."

Nieleze kidogo, maana wengi huona mbio hizi kwenye televisheni na kudhani ni watu wanne wanakimbia tu. Anayepokea kijiti husimama mbele, akimsubiri mwenzake anayekuja kwa kasi. Nyuma yake, ardhini, kuna alama. Mwenzake akikanyaga alama ile, anayepokea anageuka mbele na kuondoka kwa nguvu zote, kama vile hana mpango na mtu. Hatazami tena. Anakimbia mpaka asikie sauti, na akisikia sauti anarudisha mkono nyuma, kiganja wazi, na kijiti kinaingia. Ukigeuka kutazama unapoteza kasi, na mbio zimekwisha. Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye alama na sauti. Alama ikiwa mbali mno, mwenzako hakufikii. Ikiwa karibu mno, anakugonga mgongoni.

Alama niliipima mimi kwa nyayo zangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa napokea. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo, umeinama upande mmoja, na alama ya kuchora kwa kidole cha mguu ilifutwa na vumbi. Nikaanza kuja na majivu. Kwetu majivu ya jikoni hayatupwi, huwekwa kwenye mashina ya migomba, lakini mama aliniruhusu kuchukua kidogo kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilimwaga mstari mweupe ardhini, ukaonekana hata kukiwa na ukungu. Kijiti kilitoka kwa fundi, baba yake rafiki yangu. Alikata kipande cha bomba, akakisugua ncha zote mbili zisimkate mtu, na siku aliyotupa alisema, "Msije mkaniambia ni kizito. Gari linakibeba na halilalamiki." Asubuhi za mwezi wa saba kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na hakikuacha kunuka grisi.

Na sauti ilitoka kwa mama yangu. Mama huwaita ndama kwa sauti moja fupi, "Tou!" Si neno. Sijui aliitoa wapi, labda kwa bibi. Rafiki yangu aliisikia siku moja alipokuja kwetu, akaiga, ndama wakaja kweli, akacheka hadi akakaa chini. Uwanjani kesho yake, badala ya kusema "Shika!" kama wengine wote, akapiga "Tou!" Mkono wangu ulirudi nyuma wenyewe kabla sijafikiri.

"Umeona?" alimwambia Mwalimu. "Anaitika kama ndama."

"Basi tumieni hiyo," Mwalimu alisema. "Kwenye kelele, timu zote zinasema shika, shika. Huyu atajua ni wewe."

Kuanzia hapo ikawa yetu. Ikanikaa mwilini kiasi kwamba nyumbani, mama akiwaita ndama mlangoni, mkono wangu uliruka nyuma hata nikiwa nimeshika ndoo. Mama alinitazama kwa jicho la kando. "Huyu mtoto wameshamfunga kamba huko uwanjani," alisema.

Jambo jingine lazima niliseme hapa, kwa sababu yaliyofuata yote yanalitegemea. Alama husogezwa. Mwezi wa Ramadhani rafiki yangu alifunga, na jioni tulipofanya mazoezi alikuwa hajaweka hata tone la maji mdomoni. Kasi yake ilipungua kidogo. Hakusema, na mimi sikumuuliza. Nilichukua kopo langu na kumwaga majivu karibu yangu zaidi, ili nichelewe kuondoka, ili anifikie. Akifika na kijiti kikaingia vizuri, alinitazama akihema.

"Umeisogeza, eh?"

"Kidogo."

"Shosti, wewe Mungu akulipe."

Idd ilipofika mama yake alinitumia sahani ya biriani iliyofunikwa kwa kitambaa, nikaila na mama kwenye ngazi ya mlango. Na mimi kila Idd nilishuka Sakina na mkungu wa ndizi.

Nilipomaliza darasa la saba jina langu halikutoka kwenye waliochaguliwa kuendelea. Yeye alienda sekondari. Nilidhani na uwanja umeishia hapo, lakini Mwalimu alisema mbio haziulizi cheti, na rafiki yangu alimwambia mama yangu maneno mengi mazuri ambayo mimi nisingeweza kuyasema. Nikaendelea kukata majani asubuhi na kushuka uwanjani jioni. Tukawa wakimbiaji wa mkoa. Kisha, pamoja na wasichana wawili kutoka mikoa mingine, tukachukuliwa timu ya taifa. Yeye alikuwa na mbio zake za peke yake pia, mita mia moja, na kwenye hizo hakuna aliyemgusa. Mimi nilikuwa na kijiti tu. Sikutaka zaidi. Nilikuwa mtu wa mwisho kwenye timu, yeye wa tatu, na kati yetu kulikuwa na alama.

Kisha tukasafiri na timu hiyo kwenda kushindana nchi jirani. Tulilala hotelini, yeye na mimi chumba kimoja, kitanda chake dirishani. Uwanja ulikuwa wa mpira mwekundu, haukubali majivu. Alama tuliweka kwa utepe mweupe unaobandikwa, nikaona kama ninafanya kazi kwenye nyumba ya mtu. Siku ya kwanza alikimbia mita mia na kushika nafasi ya pili. Wazungu wawili waliokaa jukwaani waliandika kitu, na kiongozi wetu alituambia wanatafuta wasichana wa kuwapeleka kambi ya ng'ambo, na kwamba wanaangalia pia mbio za vijiti.

Asubuhi ya siku ya vijiti niliamka nikasikia harufu ya dawa ya kuchua. Rafiki yangu alikuwa amekaa kitandani, mgongo kwangu, shuka magotini.

"Unaumwa?"

"Baridi tu. Napasha misuli."

"Nikuchue?"

"Acha bwana, mbona unanichunguza kama mama mkwe?"

Nikacheka. Akatoka nje na simu yake, akakaa huko kwenye korido muda mrefu. Nilipiga mswaki, nikafunga viatu vyangu vya misumari kwenye mfuko, nikaomba sala yangu. Alirudi akiwa amenyamaza, na nilifikiri anawaza mbio.

Uwanjani nilipima alama yangu kama kawaida. Nilibandika utepe mahali pake pa siku zote, pa siku ambayo ni mzima, ameshiba, amelala vizuri. Alikuwa karibu nami wakati nabandika. Alinitazama nikisukuma utepe kwa kidole gumba ushike. Nilimwinulia uso kama tulivyozoea, kuuliza bila kuuliza, na yeye akainua dole gumba. Kisha akaenda mahali pake, upande wa pili wa kona.

Alikanyaga alama. Hilo nililiona kwa macho yangu, kiatu juu ya utepe, na niliondoka. Nilikimbia bila kutazama nyuma. Nikasikia "Tou!" na mkono wangu ukarudi, kiganja wazi. Hakuna kitu kilichoingia. Nikaendelea kuufungua mkono ule, nikisubiri chuma, nikahisi upepo tu unapita katikati ya vidole, na mstari wa mwisho wa eneo la kupokezana ukapita chini ya miguu yangu. Hapo ndipo nilipogeuka. Alikuwa mbali nyuma, ameshika paja, ameinama. Kijiti kilikuwa mkononi mwake bado.

Tulikuwa na makubaliano. Kama jambo limeharibika, unasema "Ngoja!" na mwenzako anapunguza. Tulilifanyia mazoezi hata hilo. Hakusema ngoja. Aliniita kwa sauti ile aliyojua nitaiitika.

Baadaye walituweka kwenye chumba kidogo chini ya jukwaa. Rafiki yangu alikaa na barafu juu ya paja. Kocha wa timu alikuwa amesimama, na yule kiongozi mlangoni.

"Kijiti hakikufika. Nataka kujua kwa nini," kocha alisema.

Nilimtazama rafiki yangu nikisubiri aseme, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisema siku zote.

"Aliondoka mapema, Kocha," alisema, macho kwenye barafu. "Nilimfukuza, nikamfukuza, paja likakataa."

Matone ya barafu yalidondoka sakafuni.

"Wewe unasemaje?" kocha aliniuliza.

"Niliondoka alipokanyaga alama."

"Sema kwa sauti."

"Niliondoka alipokanyaga alama," nilirudia, na sauti ikatoka vile vile, ndogo. Niliona wazi kwamba maneno yangu hayana uzito wowote ndani ya chumba kile, kama majivu ukiyapuliza.

"Msimkaripie, Kocha," rafiki yangu alisema. "Ni woga tu. Hajazoea viwanja vikubwa."

Aliniwekea na mkono begani. Kiongozi alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile karibu yote ilikuwa ya rafiki yangu, na kidogo iliyobaki ilikuwa ya kunisamehe mimi. Yeye alikuwa msichana aliyeumia akimfukuza mwenzake. Paja lilipona baada ya wiki chache, na akaenda kambi ya ng'ambo. Mimi sikuitwa tena.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa anakamua.

"Mlishindwa?"

"Kijiti hakikufika, mama."

"Nani alikiangusha?"

"Hakikuanguka."

Mama akaacha kukamua. "Hakikufika na hakikuanguka. Sasa kimeenda wapi?"

Nilichukua panga nikaenda kukata majani.

Mwalimu sikumweleza. Alikuja mpaka nyumbani akakaa, akanywa chai, akasema, "Alama uliipima vizuri?" Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akasema, "Hata wakubwa huondoka mapema, usijitese." Kwa hiyo tayari alikuwa ameambiwa, na tayari ameamini. Hilo liliniuma zaidi ya kuachwa na timu. Ni mtu aliyeniona nikimwaga majivu mamia ya jioni, na sasa ananifariji kwa kosa la kupima.

Miaka iliyofuata rafiki yangu alikuwa mkimbiaji wa kimataifa kweli. Mimi nilipata meza ya ndizi na mboga soko la Kwa Mrombo, na jirani yangu, kijana anayeuza vocha na kutengeneza simu, alinionyesha mbio zake kila zilipotoka. Nilimwona akikimbia kwenye viwanja vya ndani ya majengo, ambavyo sikujua kama vipo. Nilimwona kwenye mashindano ya bara zima, nywele zake amezisuka nyuma, akiinama kwenye bloku za kuanzia na ile tabia yake ya kugusa ardhi kwanza kwa mkono wa kushoto. Nilimwona akifika fainali na kuwa wa tatu, akajifunga bendera. Siku hiyo wateja wangu wote walikuja kwenye ile simu ndogo, wakaacha ndizi zangu peke yake.

Nitasema ukweli, kila aliposimama kwenye mstari nilishika pumzi. Mwili wangu ulikuwa upande wake bado. Miguu yangu ilijikunja chini ya meza alipoondoka. Haukuwa mwili unaojua kununa. Nilianza kununa baadaye, nikikata majani, au nikisubiri maji yachemke.

Kisha walimhoji. Kijana wa vocha aliniletea simu mbio mbio, "Dada, njoo usikie, anaitaja Arusha!" Alikuwa amependeza, kipaza sauti mbele yake. Waliuliza ni nini kilichomfanya awe imara. Akasimulia mbio za vijiti, jinsi mwenzake alivyoondoka mapema na kumwacha, jinsi alivyoumia. "Pale ndipo nilipojifunza kwamba duniani unajitegemea mwenyewe," alisema. Hakunitaja jina. Lakini Arusha si kubwa hivyo, na wanaokumbuka timu ile walikuwa wanakumbuka.

Baada ya hapo sokoni walinipatia utani mpya. Mtu akinunua, kabla sijamrudishia baki, anasema, "Dada, usiondoke mapema, chenji yangu bado!" Wote wanacheka. Na mimi nacheka, nimefunika mdomo. Mama mmoja muuza nyanya alinitetea, "Mwacheni, angalau yeye alifika huko, nyie mmefika wapi?" Alimaanisha vizuri, lakini hata yeye aliamini niliondoka.

Idd nikaendelea kushuka Sakina na mkungu wangu. Mama yake rafiki yangu hakunifanyia baya lolote, na sikuona sababu ya kumnyima ndizi. Mwaka juzi nilimkuta peke yake, fundi amekwenda msikitini. Alinitilia chai ya tangawizi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu, karibu, kaa. Umekonda. Wanakupa nini huko sokoni, upepo?"

Tuliongea mengi. Ukutani kulikuwa na picha ya binti yake na bendera. Aliiangalia, akatikisa kichwa.

"Huyu mtoto ni jasiri. Unakumbuka ile safari yenu? Alinipigia asubuhi analia, mguu haumbebi. Tangu mbio za siku ya kwanza ulimuuma. Nikamwambia, mwambie kocha. Akasema, mama, nikisema watanitoa, na wazungu wanaangalia leo. Nikamwombea dua hapo hapo kwenye simu. Na alikimbia! Bahati mbaya ndiyo hivyo tena, mkapishana."

Nilishika kikombe. Chai ilikuwa ya moto lakini sikuisikia.

"Aliniambia ni baridi," nilisema.

"Alikuwa hataki kukutia wasiwasi, mwanangu. Anakupenda mno."

Nilimaliza chai. Nilimshukuru, nikamwachia salamu za fundi. Nikapanda kwa miguu kutoka Sakina mpaka kwetu, na njia nzima nilikuwa na jambo moja tu. Sikuwaza kambi, wala bendera, wala yale mahojiano. Niliwaza utepe. Angeniambia tu. Angesema kitandani pale, mguu unauma, na mimi nisingemwambia kocha wala mtu. Ningeusogeza utepe karibu yangu, kama Ramadhani. Ningechelewa kuondoka, angenifikia akichechemea, kijiti kingeingia, na mimi ningemalizia nilivyoweza. Pengine tungekuwa wa mwisho, lakini tungefika. Na wazungu wangemwona, na angekwenda. Hakuna alichohitaji kuniibia. Alisimama pale akanitazama nikibandika, akijua miguu yake haitanifikia, akainua dole gumba.

Mwaka huu amekuja likizo. Alikwenda uwanjani kwa Mwalimu, kuwasalimu watoto wanaofanya mazoezi, na Mwalimu alimtuma mtoto mmoja aje kuniita sokoni. "Mwalimu anasema uje na majivu," mtoto alisema. Nilirudi nyumbani nikachukua kopo. Nilijiambia njiani kwamba labda amekuja kusema. Hata akimwambia Mwalimu peke yake, kwa sauti ndogo, pembeni, ingenitosha.

Alinikumbatia. Alinukia manukato mazuri. "Shosti, hujazeeka hata kidogo!" Watoto walituzunguka na simu za kaka zao, wanapiga picha. Mwalimu ana mvi sasa, lakini filimbi ni ile ile. Alitoa kwenye mfuko kile kipande cha bomba cha fundi.

"Waonyesheni hawa," alisema. "Nikiwaeleza hawaelewi, wanaelewa kwa macho."

"Kama zamani," rafiki yangu alisema. "Naanza kwa sauti yetu. Watoto, rudieni: Tou!"

"Tou!" watoto walipiga kelele. "Tou! Tou!"

Nilipima kwa nyayo, nikamwaga majivu. Mstari ulitoka mweupe, umenyooka. Kisha nikasimama, na nikamwuliza kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua.

"Mguu wako ukoje leo? Niisogeze alama?"

Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya picha, na tabasamu lilibaki usoni bila mwenyewe.

"Mguu mzima," alisema.

"Nimeuliza tu. Siku ile nilipobandika utepe hukuniambia."

Mwalimu aligeuka. "Siku gani?"

Nilimtazama rafiki yangu. Nilimpa muda. Nilimpa muda mrefu kuliko kocha alivyonipa mimi.

"Mambo ya zamani, Mwalimu," alisema akicheka kidogo. "Twende, watoto wanasubiri." Akachukua kijiti akaenda mahali pake.

Alikuja vizuri. Bado anakimbia kama mtu aliyetengenezwa bila haraka. Alikanyaga majivu, yakaruka, nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia miguu, kisha pumzi, kisha "Tou!" Mkono wangu ukaanza kurudi nyuma wenyewe, kama siku zote. Nikaukamata njiani. Nikageuza kichwa nikamtazama. Alikuwa karibu kabisa, amenyoosha kijiti mahali panapotakiwa, na nilikipokea nikiangalia mkono wake, kama ninavyopokea noti kwa mteja nisiyemjua.

Tulipunguza mwendo pamoja. Yeye alikuwa hajakiachia upande wake.

"Umegeuka," alisema taratibu.

"Ndiyo."

Akakiachia.

"Mwalimu! Ametazama nyuma!" mtoto mmoja wa kike alipaza sauti, na wengine wakacheka, kwa maana sentensi ile wameshaijua na wao.

"Nimeona," Mwalimu alisema.

Hakunikaripia. Alitembea mpaka kwenye majivu, akasimama akiutazama mstari, na alama ya kiatu cha rafiki yangu iliyokuwa katikati yake. Kisha akaja, akachukua kijiti mkononi mwangu, akakirudisha kwenye mfuko, na bila kumtazama mtu akasema, "Alama yako ilikuwa sawa, mwanangu."

Rafiki yangu alikuwa ameshazungukwa tena na simu. Sijui kama alisikia. Nilibeba kopo langu, na nilipofika barabarani bado niliwasikia watoto uwanja mzima wakiitana kwa sauti ya ndama wetu.

Jioni ile nilikuwa napeleka maji bandani. Mama alisimama mlangoni akawaita ndama, "Tou!" Walikuja. Mkono wangu ulibaki kwenye ndoo.